Mwongozaji akisema turudi, turudi

Desemba inakaribia, na kama ilivyo kila mwaka, ofisi na vikundi vya marafiki vimeanza kuchangishana ili tarehe 9, siku ya Uhuru, wapeperushe bendera kileleni Kilimanjaro. Nawapongeza kwa moyo wote, maana mlima huu ni wetu na inapendeza kuona Watanzania wakiupanda. Lakini mimi ni mwongozaji, mzaliwa wa Marangu, na kuna jambo nataka tukubaliane kabla hamjafunga mabegi. Desemba ni msimu wa vuli, na mwongozaji wenu anaweza kulazimika kuwarudisha kabla ya kilele. Ikitokea hivyo, asibishiwe, wala yeye na wenzake wasinyimwe bakshishi.

Mvua inayonyesha Moshi mjini, kule juu ni theluji. Kila mita 1,000 unazopanda, hewa hupoa kwa takribani nyuzi 6, na kutoka Moshi hadi kilele cha Uhuru, mita 5,895, unapanda karibu mita 5,000. Usiku wenye nyuzi 20 mjini unaweza kuwa nyuzi 10 chini ya sifuri kileleni, na hapo upepo haujahesabiwa. Nguo ikishalowa haikukingi tena. Mtu huanza kutetemeka, kisha maneno yanamkwama mdomoni, kisha anaacha kutetemeka na kukwambia yuko sawa. Akifika hapo ndipo sisi tunaogopa.

Kutoka Gilman's, kwenye ukingo wa kreta, kwenda Uhuru, theluji nzito hufunika njia. Ukungu ukishuka, mawe yote yanafanana na nyayo za waliotangulia zinafutika. Wengi hujipa moyo kwamba kuna helikopta, lakini helikopta hairuki ndani ya wingu. Mgonjwa atashushwa na watu, kwa mikono na kwa machela ya gurudumu moja, kwenye changarawe inayoporomoka. Anayeng'ang'ania kupanda katika hali hiyo anahatarisha pia maisha ya watakaomfuata.

Usiku mmoja wa vuli tulikuwa kwenye Pango la Hans Meyer, mita 5,150, na kikundi cha wafanyakazi kutoka Dar es Salaam. Kambi ya Kibo tuliondoka nyota zikionekana. Kufikia pangoni theluji ilikuwa inatupiga usoni, na dada mmoja alikuwa amelowa hadi kwenye sweta, hawezi hata kufunga zipu ya koti. Kiongozi wao akanishika mkono: "Kaka, tumebakiza kidogo. Ofisi nzima imetuchangia." Nikamwambia, "Bosi, mwakani nitakupandisha tena. Huyu dada nikimpandisha sasa, sijui kama nitamshusha." Tukageuka. Kambini Horombo tulikunywa supu, dada akiwa ndani ya koti la mpishi, na wote walifika getini kwa miguu yao. Bahasha ya bakshishi haikutolewa. Kampuni niliyoifanyia kazi wakati ule haikuniuliza hali ya wageni. Iliniuliza wangapi wamefika kileleni.

Hapo ndipo penye tatizo. Bakshishi ni sehemu kubwa ya kipato chetu, hasa kwa wapagazi, ambao sisi tunawaita wagumu. Mgumu hapandi kileleni. Hubaki kambini usiku huo. Kanuni inaweka mzigo wake usizidi kilo 20, na ameubeba kwenye mvua ileile iliyowarudisha ninyi. Kwa wanaopita njia nyingine, kambi ya Barafu haina maji, kwa hiyo chai mliyokunywa pale yeye ndiye aliyeifuatia maji bonde la Karanga na kupanda nayo kichwani. Kazi yake ameimaliza, kilele mmekifikia au hamkukifikia. Na mwongozaji anayejua kwamba watu zaidi ya kumi watarudi nyumbani mikono mitupu akigeuza msafara, atajaribiwa kufumba macho wingu likija. Hatupaswi kumweka mtu kwenye jaribu hilo wakati ameshika roho za watu.

Najua wapo wanaosema waongozaji wengine hurudisha wageni kwa uvivu. Dawa yake ni mazungumzo ya mapema. Mkiwa Horombo, mkiwa na akili zilizotulia, mwulizeni: ni dalili zipi zitakufanya ugeuze? Saa ngapi ndiyo mwisho wa kupanda? Mwongozaji anayeijua kazi yake atawajibu bila kigugumizi, na usiku wa kilele hamtahitaji kubishana.

Hata historia ya mlima huu inaanza na watu waliorudi. Mwaka 1887 Mjerumani Hans Meyer alifika kwenye barafu ya kilele cha Kibo akashindwa kuendelea, akashuka. Aliporudi mwaka 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, walifika ukingo wa kreta tarehe 3 Oktoba, wakiwa wamechoka na muda umewatupa mkono. Wakashuka, wakapumzika, na tarehe 6 wakafika juu kabisa. Kugeuka siku ile ya tarehe 3 ndiko kulikowaachia nguvu za siku ya tatu yake.

Kwa hiyo ninaomba mambo matatu. Kampuni ziache kutangaza asilimia ya wageni waliofika kileleni kama kipimo cha ubora wa mwongozaji, na mkataba wa mgeni useme wazi kwamba kuhusu hali ya hewa neno la mwongozaji ni la mwisho. Vikundi vikubaliane kiasi cha bakshishi kabla ya kuingia getini, kiandikwe, na kisitegemee kilele. Na mnaoweza, ongezeni siku moja kwenye ratiba. Najua ada ya hifadhi hulipwa kwa siku, na kila siku inataka chakula chake, maji yake na ujira wa wagumu. Lakini mara nyingi dhoruba hupita, na kikundi chenye siku ya akiba hupata nafasi ya pili. Ofisi inayoweza kuchangia fulana na bendera za safari nzima, naamini inaweza kuchangia na siku hiyo.