SEHEMU YA 4: Usimwachishe mtoto mawese kwa sababu ya uvimbe

Wengine tunajuana tangu kambi ya Mtendeli, wengine mko Kibondo na Kasulu. Swali mnaloniuliza sana ni hili: "Nesi, eti mafuta yanalisha saratani? Mtoto akiwa na uvimbe nimwachishe mawese?"

Mimi nasema hapana. Nisikilizeni.

Mwili una askari wake, seli nyeupe za damu, na askari hao wanahitaji mafuta ili wapate nguvu na wajijenge. Watafiti wameona, hasa kwa panya wa maabara, kwamba ndani ya uvimbe wa saratani baadhi ya askari hujaa mafuta kupita kiasi. Wakishajaa wanalegea, na wengine wanaanza kuusaidia uvimbe ukue. Hilo ni kweli. Ila watu wakilisikia wanakimbilia kulaumu chungu cha mboga.

Seli za saratani zinaweza kujitengenezea mafuta zenyewe, hata kutoka kwenye sukari ya damu, na sukari hiyo inatoka hata kwenye ugali. Kwahiyo ukimnyima mtoto kijiko cha mawese kwenye maharage, uvimbe haufi njaa. Anayekonda ni mtoto, na mtoto aliyekonda anastahimili dawa za saratani kwa shida. Mtu mzima mwenye presha akiambiwa apunguze mafuta, hilo ni jambo lingine.

Chukueni saratani ya Burkitt, ile ya taya. Daktari Denis Burkitt aliielezea mwaka 1958 akiwa Uganda, na inawapata zaidi watoto wa maeneo yenye malaria nyingi kama kwetu. Hii inaanzia kwa askari mwenyewe: seli nyeupe inaharibika, na kirusi cha Epstein-Barr pamoja na malaria za mara kwa mara vinachangia. Seli zake zinaweza kuongezeka mara mbili ndani ya siku moja au mbili. Sasa pigeni hesabu ya wiki mbili za "ngoja kwanza tujaribu kuacha mafuta".

Inatibika kwa dawa, na watoto wengi wanaowahi wanapona. Bugando kule Mwanza na Muhimbili Dar es Salaam wanatibu saratani za watoto. Najua nauli siyo mchezo. Ndiyo maana nasema hela ya mitishamba na vyakula maalumu iwe nauli.

Ukiona taya linavimba, jino linalegea bila sababu, jicho linatoka nje au tumbo linakua haraka, usisubiri wiki iishe. Usikimbilie kung'oa jino. Nenda kituo cha afya, uliza habari ya rufaa, na usiondoke bila jibu.

Na usiku wa leo, watoto walale ndani ya chandarua. Mwenye swali aandike hapo chini, nitajibu nikitoka zamu.