Kukata iko na tarehe, kurudisha iko na tarehe gani?

Wandugu watumikaji wa mine, mwisho wa mwezi wengi wetu tunaangalia tu chini ya karatasi ya mushahara, fasi yenye kuandikwa feza za kupokea. Lakini juu kidogo kuko musitari wa IPR, kodi yenye kukatwa kwa mushahara wetu. Pale ndipo haki ya wengi inapotelea.

Sheria inasema IPR inapunguzwa kwa 2% kwa kila mutu wa jamaa mwenye unalisha: bibi ao bwana, watoto wenye hawajaoa wala kuolewa, wazazi wenye munaishi nao nyumba moja. Mwisho ni watu 9. Mupatro hatupe hiyo kama zawadi, iko mu sheria.

Tufanye hesabu kwa kipimo cha 2024. Mutumikaji anabakia na 600 000 FC kwa mwezi kisha kutosha CNSS. Franka 162 000 za kwanza zinalipa 3%, ni 4 860. Zenye kubakia, 438 000, zinalipa 15%, ni 65 700. Jumla 70 560 FC. Kama ana bibi na watoto 6, anapunguziwa 14%: karibu 9 878 FC kila mwezi. Kwa mwaka muzima inapita 118 000 FC. Ulizeni mama mwenye kununua unga wa bukari pale soko ya Kolwezi kama hiyo ni kitu kidogo.

Juu ya nini wengi hawapate? Kwanza, siku ya kuingia kazi, zaidi sana kwa kampuni ndogo zenye kutumikia kampuni kubwa, hakuna mwenye kuuliza habari ya watoto. Unaandikwa kama vile uko peke yako. Pili, mutoto mwenye hana akti ya kuzaliwa hahesabiwe. Sheria ya jamaa inatoa siku 90 za kumuandikisha ku komini. Siku hizo zikipita, ni lazima kupitia tribunali, na kule kunaomba safari na feza. Tatu, kuko mikataba ya mushahara wa mukononi: feza zako hazibadilike, faida ya kupunguziwa inabakia kwa mupatro. Someni mukataba mbele ya kutia sinyatire.

Mwenye alikatwa kupita kipimo aandike barua. Aweke kopi za akti ya ndoa, akti za watoto na karatasi zote za mushahara. Orijinali zibakie nyumbani. Delege wa sendika aione, na kopi moja irudi na muhuri na tarehe ya kupokea. Maneno ya mudomo ku biro yanapotea na upepo. Tena musingoje mukataba uishe. Kampuni ndogo ikimaliza kazi yake inafunga mizigo, na wewe unabakia unatafuta mulango wa kugonga. Kama hawajibu, tuende pamoja ku Inspeksio ya kazi.

Sasa tuseme wazi. Mupatro anapashwa kupeleka IPR ku DGI mu siku 15 za mwezi wenye kufuata, na akichelewa anapigwa malipizi. Lakini mutumikaji akidai feza zake, anaambiwa tu: «Ngoja, tunaangalia.» Anangoja mwezi, anangoja wa pili, masomo ya watoto haingoje.

Tunaomba mambo matatu. Hesabu ya watu wa jamaa iandikwe pa kila karatasi ya mushahara. Kila barua ijibiwe kwa maandiko, na tarehe ya kulipa ndani. Feza zenye zilikatwa bure zirudi pamoja na mushahara, haiko kwa ahadi.

Na ninyi madelege, kazi ianze mwezi huu: pitieni kila ekipe, andikeni majina ya wenye kuhesabiwa bila watoto. Mupatro anaweza kusukuma mutu mumoja mwenye barua moja. Liste ya ekipe nzima ni ngumu kusukuma.