Mto Hauna Mpaka wa Milele

Wahenga walinena kwamba maji hufuata mkondo. Hawakunena kwamba mkondo hudumu mahali pamoja. Miaka 20,000 hivi iliyopita bahari ilikuwa chini kwa takriban mita 120, na Unguja ilishikana na bara. Mto Wami haukuishia Saadani kama leo, bali uliendelea katika nchi kavu ambapo sasa hupita majahazi. Bahari ilipopanda, mdomo wake ukarudi nyuma, tope likajaza bonde, nao ukaanza kupinda huku na huko.

Wala hayo si ya kale tu. Mwaka 1978 mafuriko yaliuhamishia mkondo mkuu wa Rufiji kaskazini mwa delta, na wakulima wa mpunga wakaufuata wakifyeka mikoko.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Ni sheria njema. Lakini ukingo huhama, jiwe la mpaka halihami. Mwananchi aliyejenga kwa halali asiitwe mvunja sheria kwa kuwa mto umemfuata. Hivyo twawataka maofisa wa wilaya wapime upya baada ya kila mafuriko makubwa, nasi wananchi wa pwani na visiwani tuiache mikoko isimame.