KUTAFUTA UVUJAJI NAKO NI KAZI



Wengi wetu tunaijua Kiriri kwa kuitazama kutoka chini. Ni mtaa wa mlimani hapa Bujumbura, wenye nyumba kubwa na upepo wa ziwa. Huko ndiko lilikotoka gari lililotufanya tuandike maneno haya. Lilikuwa Datsun 240Z, gari dogo la mwendo wa kasi, aina ile ile iliyoshinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971 na tena mwaka 1973. Gari la namna hiyo lina umri wa zaidi ya miaka 50, na kama mzee yeyote lina maradhi yake. Hili lilikuwa linavuja oili.

Mwenyewe alilishusha Buyenzi kwa fundi mmoja, mwenzetu. Alikuja na hukumu tayari. Alikuwa amekwisha kuambiwa mahali pengine kwamba sili ya nyuma ya kranki imekufa, kwa sababu matone yanaanguka nyuma ya injini, pale inapokutana na giaboksi. Kubadili sili hiyo ni kushusha giaboksi na klachi, kazi kubwa na gharama kubwa.

Mwenzetu hakukimbilia spana. Kwanza alipima oili kwa kijiti chake, akaongeza iliyopungua. Injini ilipopoa, aliiosha kwa brashi na mafuta ya taa kutoka juu hadi chini, akaifuta mpaka ikakauka kabisa. Hakutumia petroli, maana petroli huwaka kwa cheche ndogo. Kisha akanyunyiza poda nyeupe penye maungio yote: kifuniko cha juu, pampu ya petroli, filta, swichi ya presha ya oili, kifuniko cha mbele na bakuli la chini. Gari likaendeshwa mpaka Kiriri na kurudi. Likainuliwa, likakalishwa juu ya stendi madhubuti, naye akatazama kwa tochi, akianza juu, si chini.

Hapo ukweli ukaonekana. Oili haidondoki pale inapotokea. Hushuka kwa uzito wake, husukumwa nyuma na upepo wa mwendo, hufuata ukingo wa chuma mpaka ipate mahali pa kudondokea. Poda ilikuwa imelowa juu kabisa, nyuma ya kifuniko cha vali, ambako gasketi ilikuwa imekauka na kuwa ngumu kama ganda. Kutoka hapo oili ilitiririka mgongoni mwa injini hadi chini. Ile sili iliyohukumiwa haikuwa na hatia.

Hata hapo hakuishia. Injini ikifanya kazi, gesi kidogo hupenya kando ya pistoni na kuingia tumboni mwake. Gesi hiyo hutolewa kwa mpira na vali ndogo inayoirudisha kwenye njia ya hewa ili ichomwe. Vali hiyo ikiziba kwa uchafu, presha hupanda ndani, nayo oili husukumwa nje penye udhaifu wowote. Fundi aliitoa, akaitikisa. Ilipasa ilie, haikulia. Kama angebadili gasketi peke yake, gari lingerudi. Alibadili vyote viwili, akakaza bolti kidogo kidogo bila kuzidisha nguvu, kwa kuwa gasketi ikibanwa mno hupasuka.

Kutafuta kulichukua tangu asubuhi hadi adhuhuri. Kufunga hakukuzidi saa moja. Mwenye gari alipofika alisema: "Gasketi moja na kivali kimoja! Nitalipa vitu hivyo na saa moja ya kazi." Ndivyo alivyolipa, akaenda zake.

Sisi tunasema mtu huyo alilipa mikono, akaiba macho na akili. Asubuhi ile isiyolipwa ndiyo iliyomwokoa na gharama ya kushusha giaboksi bure.

Ndugu mnaofanya kazi viwandani na mashambani, msidhani habari hii ni ya matajiri wa mlimani na magari yao. Pampu ya kiwandani ikivuja, au trekta la shamba la miwa likiacha madoa njiani, msimamizi huuliza swali lile lile: umefunga nini? Fundi akisema alikuwa anatafuta, huandikwa kwamba alikuwa amekaa. Basi naye hujifunza. Kesho atapaka gundi penye tone, awe ameonekana kufanya kazi. Gundi ikizidi hukatika vipande ndani, vipande vikaziba chujio la oili, na injini nzima ikafa. Hapo anayekatwa mshahara ni nani?

Tena saa isiyolipwa ndiyo inayomlaza mtu chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, kwa kuwa hana nafasi ya kutafuta stendi. Na oili isiyotafutwa haipotei. Ikidondokea ekzosi yenye moto yaweza kuwaka. Ikidondoka barabarani, mvua huichukua kutoka mlimani hadi katika Ziwa Tanganyika, ambamo mji wetu huteka maji ya kunywa.

Wapo watakaosema kwamba mafundi wengine hurefusha kutafuta ili wazidishe malipo. Ni kweli wapo, nasi hatuwatetei. Dawa yake ni mapatano kabla ya kazi. Fundi aseme: nitatafuta kwa muda huu, kwa malipo haya, na nisipopata nitakwambia kabla ya kuendelea. Akipata, amwite mwenye gari aone kwa macho yake poda iliyolowa. Na katika viwanda na mashamba, wajumbe wetu wadai muda wa kutafuta ubovu uandikwe katika karatasi ya kazi, sawasawa na muda wa kufunga.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini kabla ya kuziba ufa sharti uonekane, na yule anayeuona naye ana watoto wanaongoja chakula jioni.

Kutafuta ni kazi. Kazi ilipwe.