Mtego usiosomwa si mtego mtupu

KATIKA jedwali la bei za nafaka, soko ambalo halikuleta taarifa huwekewa kistari. Hakuna mhariri anayeandika sifuri mahali hapo. Mahindi hayagawiwi bure Kibaigwa eti kwa sababu simu haikupatikana. Lakini kosa hilo, ambalo kwenye bei lingeonekana mara moja, ni rahisi sana kulifanya katika hesabu za wadudu wanaoamua kama mahindi hayo yatafika sokoni.

Tuchukue viwavijeshi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, utabiri wa mdudu huyu Afrika Mashariki umetegemea kuhesabu nondo wanaonaswa usiku. Awali mitego ilikuwa ya taa. Baadaye ikaja ile yenye harufu ya kutengenezwa, inayofanana na ya nondo jike, ambayo huvuta madume. Idadi hiyo huunganishwa na kumbukumbu za mvua, kisha hukadiriwa uwezekano wa viwavi kuzuka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, vijiji vya wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, vilianza kujitabiria vyenyewe kwa mtego na kipimo cha mvua.

Kibiashara, thamani ya utabiri huo ni muda. Mayai huanguliwa kwa siku chache, na viwavi hula kwa wiki mbili hadi tatu, uharibifu mkubwa ukitokea siku za mwisho. Duka la pembejeo linaloagiza dawa baada ya majani kuliwa limekwisha chelewa.

Sasa tupige hesabu ya mfano. Wilaya ina mitego 10. Wiki hii imesomwa 6, na jumla ya nondo ni 120. Wastani ni 20 kwa kila mtego uliosomwa. Karani akijaza sifuri kwa ile 4 iliyobaki, wastani unashuka hadi 12 na wilaya inaonekana shwari.

Tuseme pia kwamba kunyunyizia dawa ekari moja ni shilingi 40,000, na hasara ya kutonyunyizia viwavi wakija ni shilingi 200,000. Inamlipa mkulima kujiandaa pale uwezekano wa kuvamiwa unapozidi 1 kati ya 5. Akiambiwa ni 1 kati ya 8, atabaki na fedha yake mfukoni. Kama ukweli ulikuwa 1 kati ya 4, sifuri za karani zimemponza.

Wapo watakaosema dawa yake ni rahisi: mitego isiyosomwa ichukuliwe kuwa sawa na iliyosomwa. Hiyo ni nafuu, lakini haitoshi. Upepo unaokutana penye mvua ndio unaokusanya nondo na kuwashusha mahali pamoja. Mvua hiyo hiyo ndiyo inayoharibu njia na kumzuia bwana shamba kupeleka taarifa. Kwa hiyo kistari kina tabia ya kutokea pale hasa penye hatari. Mtaalamu makini hulinganisha mtego ulionyamaza na majirani zake na mvua iliyonyesha, kisha hutangaza makadirio yenye kiwango cha chini na cha juu, badala ya namba moja inayojifanya ya uhakika.

Mzigo huu umeongezeka. Tangu kiwavijeshi vamizi kutoka Amerika agundulike barani Afrika mwaka 2016, hesabu zinazotakiwa ni mbili, kwani mdudu huyo ana harufu yake na anahitaji mtego wake.

Maoni ya safu hii ni kwamba kila taarifa ya utabiri ieleze mitego mingapi ipo na mingapi imesomwa, na itenganishe sifuri na kistari. Anayesoma mtego kijijini apewe vocha ya simu na posho inayolingana na kazi. Gharama hiyo ni ndogo ikilinganishwa na ekari moja iliyoliwa.

Wasagishaji, wanunuzi wa nafaka na mabenki yanayokopesha wakulima nao wasikae pembeni. Hawanunui mzigo bila kuuliza umepimwa kwa mizani gani. Wakiletewa utabiri wa wadudu, waulize kwanza ni mitego mingapi iliyosomwa.