Kupe, mafuta ya mkaratusi na ngozi ya mtoto

JUMAPILI iliyopita nilikwenda Kisesa kumsalimia wifi yangu. Nilimkuta mtoto wao wa miaka miwili analia na kujifikicha macho, harufu ya mkaratusi imejaa hadi mlangoni.

"Wifi, umempaka nini mtoto?"

"Mafuta ya mkaratusi, wifi. Jana nimemtoa kupe nyuma ya sikio. Si unaona anavyoshinda na mbuzi hapa uani? Nikaona hii ni dawa ya asili, haina madhara."

Tulimwosha uso kwa maji mengi safi, akatulia. Lakini maneno hayo ya "dawa ya asili haina madhara" niliondoka nayo, maana wazazi wengi tunayasema.

Kuamini mimea si kosa. Mwaka 1995 watafiti nchini Kenya walichapisha majaribio ya mafuta ya kivumbasi, mmea tunaouweka ndani kufukuza mbu. Yalifukuza na kuua kupe wanaoeneza ndigana kali kwa ng'ombe. Sungura waliopakwa mchanganyiko wenye asilimia 10 ya mafuta hayo walikingwa dhidi ya kupe wachanga kwa siku 5.

Siku 5 tu. Harufu hupaa, na kinga huondoka nayo. Kwa hiyo ng'ombe bado anahitaji josho na dawa aliyoelekeza ofisa mifugo.

Halafu, kichupa kimoja hutoka kwenye lundo la majani. Tawi lililoning'inizwa dirishani si sawa na mafuta matupu kwenye ngozi. Mafuta hayo huweza kuunguza ngozi laini na kuumiza macho. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya mkaratusi, mtoto akikimeza, kinaweza kumletea degedege na kupoteza fahamu. Ikitokea, usimtapishe. Mkimbize hospitali, na kichupa ukibebe.

Mzazi, fanya haya:

1. Mkague mtoto kila jioni: nyuma ya masikio, kichwani, kwapani na kwenye kinena.

2. Ukimkuta kupe, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute taratibu bila kumzungusha. Osha kwa sabuni. Usimmwagie mafuta ya aina yoyote, ya taa yakiwemo, wala usimchome kwa kiberiti.

3. Homa ikija wiki zinazofuata, nenda kituo cha afya na useme mtoto aliumwa na kupe.

4. Fyeka majani kuzunguka nyumba, na mifugo ilale mbali na watoto.

5. Vichupa vya mafuta na dawa za mifugo viwekwe juu, pasipofikiwa na mtoto.

Nilipoaga, kaka alikuwa ameshika jembe anachimbia nguzo za banda la mbuzi, kule mwisho wa uwanja. Wifi naye alipanda kivumbasi chini ya dirisha. Hapo ndipo mahali pake.