Ni Lugha au ni Macho?

Mtihani wa Kiingereza wa IELTS humwekea anayeomba chuo kikuu grafu au jedwali, akatakiwa alieleze kwa maneno yasiyopungua 150, kwa muda wa kama dakika 20. Mwenzake wa mkondo wa kawaida huandikishwa barua tu. Sasa hapo kinapimwa Kiingereza, au macho?

Nawajua watu wakisimulia kisa utasahau chai yako mpaka ipoe. Wape mistari minne inayopishana, wanakwama, hata ungewaambia waieleze kwa Kiswahili! Kisha wanakatwa alama za lugha. Aliyezoea takwimu anapita na sarufi yake inayochechemea.

Watasema chuoni grafu zipo. Haya, mwanafunzi wa fasihi atakutana na ngapi?